Mkiani mwa laini

Dalali wa viwanja upande wa magharibi wa Dodoma hapotezi maneno. Anakuonyesha vigingi, anapiga teke jiwe la mpaka, kisha ananyoosha mkono kuelekea minara iliyosimama nyuma ya miiba: "Kituo cha kupoza umeme kile pale, bosi. Hapa umeme siyo wa kuuliza." Mnunuzi aliyetoka Dar es Salaam anaridhika. Mimi niliyekulia upande huo huwa nacheka moyoni, maana hilo ndilo jambo la kwanza alilopaswa kuuliza.

Kituo anachokionyesha, mahali panaposhushwa volti za laini kubwa, ni cha Zuzu. Zuzu leo ni kata ya Jiji la Dodoma, lakini kwa sisi tulioijua mapema ilikuwa kijiji cha kando ya reli ya kati, mtama, mbuzi na vumbi. Pale ndipo zinapokutana laini kubwa za katikati ya nchi. Ya kwanza ilijengwa miaka ya 1980, kilovolti 220, ikitoka Mtera na kupita Dodoma kwenda Singida, Shinyanga mpaka Mwanza. Baadaye ukaja ule mradi ulioitwa uti wa mgongo wa gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa: laini ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, kilomita 670. Na kuna mradi wa laini nyingine ya kilovolti 400 kutoka Chalinze, wa kuleta huku umeme wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mashine tisa za megawati 235 kila moja. Jumla megawati 2,115. Mashine ya kwanza iliingia kwenye gridi Februari 2024.

Kwa hiyo kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme uliowasha Kanda ya Ziwa ulipita juu ya vichwa vyetu. Chini yake bibi yangu alilima karanga, na jioni akarudi nyumbani akawasha koroboi.

Mtera ilitufikia kwanza kama samaki. Perege wa bwawa lile waliletwa Dodoma kwenye matenga, na mama alinunua fungu siku za mwisho wa mwezi. Bwawa lilijengwa ili kutunza maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu iliyoko chini zaidi. Kituo cha Mtera chenyewe, cha megawati 80, kikaanza kazi mwaka 1988. Watoto wa rika langu tulikula samaki wa Mtera miaka na miaka kabla hatujasomea taa ya Mtera.

Wageni wakisikia habari hiyo husema ni dhuluma tu. Dhuluma ipo, nitaifikia, lakini haiko pale wanapodhani. Tuanze na hesabu.

Transfoma ya kijiji, ile inayoning'inia kwenye nguzo mbili karibu na ofisi ya mtendaji, mara nyingi ni ya kVA 50 au 100, kVA ikiwa kipimo cha mzigo inaoweza kubeba. Chukua ya 100 ikiwa imebeba mzigo wake wote. Upande wa nyumba, kwenye volti 400, inasukuma ampea, yaani mkondo, zipatazo 144 katika kila waya. Upande wa laini iliyoileta, kwenye kilovolti 33, ni ampea 1.75 tu. Kwenye kilovolti 220 haifiki hata theluthi moja ya ampea. Waya hupoteza nguvu kama joto kulingana na mraba wa ampea: ampea zikipungua nusu, upotevu unapungua mara nne. Ndiyo sababu umeme unaosafiri mbali hupandishwa volti, na ndiyo sababu hauwezi kuteremshwa kila penye nyumba kumi na tano. Kuushusha kutoka 220 kunahitaji transfoma yenye uzito wa makumi ya tani, swichi za kukata mkondo ule bila kuungua, mitambo ya kuhisi hitilafu na watu wa kuilinda. Na kila unapoitoboa laini kubwa unaweka mahali papya pa kuharibika, kukiharibika hapo na Singida inazima. Kuomba umeme wa nyumba kutoka kwenye waya ule ni kama kusimamisha treni ya mizigo ili upimiwe kilo moja ya sukari.

Ukaribu wa kutembea kwa miguu, basi, hauna maana yoyote katika umeme. Bibi alikuwa hatua arobaini kutoka kwenye waya. Kwa hesabu za umeme alikuwa mbali kuliko mtu wa Area C, mtaa wa Dodoma mjini, kwa sababu mtu wa Area C alikuwa na laini ya 33 au 11 mtaani kwake na transfoma mwisho wa barabara.

Tulipokuwa wadogo tuliegemea uzio wa kituo na kukodolea macho. Kilichotushangaza zaidi ni kokoto. Uwanja mzima umemwagiwa kokoto safi, hakuna jani, wakati barabara yetu ya shule ilikuwa korongo kila masika. Tulidhani ni urembo wa serikali. Nilikuja kujua ukubwani kwamba zile kokoto ni kinga ya mfanyakazi: hitilafu ikipeleka mkondo ardhini, udongo wenyewe unakuwa na volti tofauti kati ya mguu mmoja na mwingine, na kokoto kavu hupunguza kinachoweza kupita mwilini. Pia zinazuia nyasi na kuyapitisha mafuta yakivuja. Na ule mvumo usiokoma, ambao mzee mmoja wa kwetu alisema ni mizimu ya wazungu, ni chuma cha ndani ya transfoma kinachotikisika mara mia kwa sekunde, maradufu ya mapigo hamsini ya umeme wetu.

Kinachotoka pale kwenda vijijini ni laini za kilovolti 33. Kila moja ina swichi yake, njia yake, na jina lake kwenye midomo ya watu: ya hospitali, ya pampu, ya Bahi. Hapa ndipo panapoamua maisha. Umeme ukikatika, swali la kwanza kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ni "nyie mko laini gani?" Unaweza kusimama barabarani, kushoto taa zinawaka na kulia giza, na majirani wasielewane kabisa, kumbe waya zao zimeachana kilomita nyingi nyuma na hazikukutana tena.

Laini ya mjini mara nyingi ina njia ya pili. Ikiharibika huku, mafundi wanaifungulia kule. Laini ya kijijini ina mlango mmoja. Inaondoka kituoni, inapita shamba, korongo, shule, korongo tena, ikigawa matawi, mpaka inaishia kwenye nguzo ya mwisho yenye steiwaya, ile waya ya kuishikilia isianguke, na pengine mbuzi aliyefungwa. Tawi la mti likiangukia kilomita ya kumi, laini nzima inaweza kuzimika, na wote wa kilomita ya kumi na moja mpaka ya mwisho hawawaki mpaka liondolewe. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na hazina unyenyekevu: zinakuja na radi na upepo juu ya nchi tambarare ambayo kitu kirefu kuliko vyote ni mbuyu au nguzo. Kiangazi nacho kina adui zake, mchwa wanaotafuna nguzo ambayo dawa yake imeisha nguvu, kunguru wanaojenga kiota kwa vipande vya waya juu ya vikombe vinavyotenga waya na nguzo. Fundi hukata laini vipande vipande kwa swichi za nguzoni, akijaribu kimoja kimoja mpaka apate penye ubovu. Anaanzia karibu na kituo. Kwa hiyo walioko mkiani huzima mara nyingi kuliko wengine na ni wa mwisho kuwaka, na hapo hakuna aliyewaonea. Ni mpangilio wa waya.

Lakini nani aliwaweka watu mkiani? Hilo lina historia yake.

Wagogo wa zamani hawakukaa kwa mistari. Familia na ng'ombe wake ilikaa penye malisho, jirani akiwa mwendo wa kuitana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja Operesheni Dodoma, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa: nyumba kwa safu, shule hapa, zahanati pale, barabara katikati. Wengine walibaki. Wengine, kidogo kidogo, mvua zilipogoma na malisho yakaisha, walirudi kwenye mahame yao, kilomita tatu, tano, saba kutoka kwenye safu. Makazi hayo ndiyo mengi ya vitongoji tulivyo navyo leo.

Miaka arobaini baadaye akaja mkandarasi wa umeme vijijini. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2005 na ukaanza kazi 2007. Safu za ujamaa zilimfurahisha kila mpimaji: transfoma moja katikati, waya moja kwa moja kushoto na kulia, nyumba thelathini zimeshikwa. Laini ya volti 400 haipendi safari. Baada ya mita mia kadhaa inaanza kuchoka, ikifika kilomita haina la kusema. Kwa hiyo aliyekubali kukaa kwenye safu alipata taa, na aliyerudi kwenye ng'ombe wake aliambiwa asubiri awamu nyingine. Mama mkubwa, ambaye familia yake ni ya waliorudi, ana maelezo mafupi: "Walitufukuza porini kwa gari, safari hii wanatutoa kwa taa."

Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme. Sipuuzi hata kidogo. Mtu aliyewahi kushonwa jeraha zahanati kwa mwanga wa tochi ya simu hawezi kulidharau jambo hilo. Ila kijiji kufikiwa ni kitu kimoja, kitongoji ni kingine, nyumba ni cha tatu. Vitongoji viko zaidi ya 64,000. Mradi wa kuvifuata unaendelea, na ukipita barabara za Bahi na Chamwino utaona nguzo zimelala kando zikingoja mashimo. Watoto wanazitumia kama mabenchi.

Kuna na kichekesho cha mipaka. Kijijini kuunganishwa ni shilingi 27,000. Mjini, tangu Januari 2022, nyumba iliyo karibu isiyohitaji nguzo ni shilingi 320,960. Sasa vijiji vyetu vimemezwa na jiji. Ng'ombe ni walewale, tembe ni zilezile, lakini kwenye karatasi ni mitaa. Bungeni wakalazimika kutafuta jina: "mitaa yenye sura ya vijiji". Sijui kama kuna nchi nyingine ambayo sura ya mtaa ina thamani ya shilingi laki mbili na tisini.

Na nyumba zenyewe. Tembe la Kigogo ni fupi, paa lake la udongo ni bapa, kuta za miti na matope. Unaingia umeinama. Fundi aliyezoea bati na dari anaduwaa: waya unashukia wapi? Kwa nyumba ndogo za namna hiyo kikaletwa kifaa kinachoitwa UMETA, Umeme Tayari, ubao mmoja wenye swichi, soketi na taa, usiohitaji wayaringi ya nyumba nzima. Kwangu mimi hicho ni kati ya vitu vya busara zaidi katika habari hii yote, na hakizungumzwi sana, labda kwa sababu hakina utepe wa kukata. Pasipokuwa nacho, ndipo wanapoingia vishoka: kijana mwenye koleo na mdomo mtamu, anachukua hela ya fomu, ya wayaringi, ya "kumwona mkubwa", halafu simu haipatikani.

Shangazi yangu alipoteza biashara siku nguzo zilipofika. Alikuwa na sola ndogo juu ya bati, akichaji simu za kitongoji kizima. Wateja walihama ndani ya mwezi. Hakulalamika, alinunua friji ya mitumba akaanza kuuza barafu na ubuyu wa kugandisha. Na akajifunza LUKU, mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, upesi kuliko sisi wenye vyeti. Mteja mdogo wa nyumbani analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Akizidi, kila uniti ya ziada ni 350. Friji inamsogeza karibu na mstari huo. Ikifika tarehe ishirini na tano, barafu hakuna. Mpaka mwezi uandame kwa upya, kama anavyosema. Anapikia mkaa, bila shaka. Wote tunapikia mkaa.

Sasa nirudi kwa yule dalali. Anayenunua kiwanja hapaswi kuuliza kama kuna umeme. Aulize saa mbili usiku kuna volti ngapi.

Zile volti 400 hupimwa kati ya waya na waya; nyumba ya kawaida inachukua waya mmoja tu wa moto, na hapo inatakiwa kupata volti 230. Transfoma ilipowekwa palikuwa na nyumba thelathini. Kisha serikali ikahamia Dodoma, bei ya ardhi ikapanda, vijiji vya kandokando vikajaa wapangaji. Nyumba mpya zikaungwa kwenye mwisho wa waya uleule, mwisho ukasogezwa, ukasogezwa tena. Mchana hujui. Jua likizama kila mtu anarudi: pasi, hita ya maji ya kuoga, televisheni, friji. Waya wenyewe unakula volti njiani, na aliye mwisho anapata 190, 180, siku nyingine chini ya hapo. Taa za siku hizi zinavumilia, kwa hiyo mgeni anaona mwanga na kudhani mambo safi. Friji ndiyo inayosema ukweli: inanguruma, inajaribu kuanza, inakata, inajaribu tena.

Mwenye duka ananunua stabilaiza. Inamsaidia yeye. Lakini stabilaiza haiumbi nguvu. Ili impe 230 kutoka kwenye 180 inavuta ampea nyingi zaidi, na ampea zile zinashusha volti za jirani aliye mbele yake. Jirani naye anakwenda mjini kununua stabilaiza. Nimeona mtaa mzima umefanya hivyo, nyumba baada ya nyumba, mpaka usiku mmoja fyuzi ya transfoma ikakata na wakawa sawa wote. Dawa halisi ni transfoma ya pili, karibu na nyumba mpya, na hiyo haipatikani kwa kununua kitu dukani. Inapatikana kwa barua, mwenyekiti, diwani na subira. Mitaa yenye mtumishi wa wizara ndani yake hupata majibu ya barua mapema zaidi. Hiyo ndiyo dhuluma niliyoahidi kuifikia.

Mjomba ana mashine ya kusaga katika kitongoji kimoja ng'ambo ya korongo. Alianza na injini ya dizeli, ile ya kupigwa hendeli, iliyosikika mpaka barabara kuu. Nguzo zilipovuka korongo alichinja mbuzi. Kisha akagundua kwamba zilikuja na umeme wa njia moja, yaani wa waya mmoja wa moto badala ya tatu. Tawi refu linalokwenda kwenye nyumba chache mara nyingi hujengwa hivyo, kwa waya pungufu, kwa sababu ni nafuu na kwa taa linatosha kabisa. Mota ya kusagia inataka njia tatu. Kijijini kati, kwenye ile safu ya ujamaa, kuna njia tatu, na kuna kijana amefunga mota mpya. Anasaga na kukoboa kwa bei ambayo dizeli haiwezi kushindana nayo. Wanawake wa kitongoji cha mjomba wakaanza kupakia magunia kwenye bodaboda na kuvusha korongo.

Mjomba aliandika barua ya njia tatu. Alijibiwa kwa heshima kwamba ombi limepokelewa. Akaandika nyingine. Halafu, kwa kuwa ni mtu asiyependa kukaa bure, akaenda Dodoma mjini akarudi na mota ya njia moja, ndogo, ya mitumba, na fundi wa kumfungia.

Asubuhi ya kwanza ilisaga vizuri. Jioni, wateja wakiwa foleni na ndoo za mtama, ilikataa kuanza. Ilinguruma, ikapata moto, ikanuka. Fundi alilaumu mota, mjomba akamlaumu fundi. Nilipofika na kipimo changu tulikuta volti 178. Nguvu ya mota kujizungusha hushuka kwa mraba wa volti: kwenye 178 ina takriban asilimia 60 tu ya nguvu yake, na kuanza ndiko kunakohitaji nguvu kuliko kusaga kwenyewe. Nilimweleza mjomba. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: ni saa ngapi watu wa kule mbele hawapo nyumbani?

Siku hizi anafungua saa tatu asubuhi na kufunga saa tisa alasiri. Amebandika karatasi mlangoni. Anayekuja saa kumi na mbili na ndoo yake anaambiwa aiache, itasagwa kesho watu wa mjini wakiwa kazini. Bei yake bado iko juu ya ile ya kijana wa ng'ambo kwa shilingi hamsini kwa kilo, lakini nauli ya bodaboda ni zaidi ya hapo, na injini ya dizeli ameiacha palepale pembeni, imefunikwa turubai, tangi lake lina mafuta.